Paul Ehrlich: daktari wa rangi, ugonjwa wa malale na swali la dawa za minyoo kwa saratani

Tangu tulipozungumzia saratani ya matiti kwenye kipindi cha asubuhi, simu ya studio imekuwa ikipokea swali moja kwa namna nyingi: je, ni kweli dawa za minyoo zinaponya saratani? Wapo waliotutumia picha za vidonge vya dukani, na wapo waliotutumia picha ya chupa ya dawa ya mbuzi. Mama mmoja kutoka kijiji cha kandokando ya Ziwa Victoria alitueleza kuwa mdogo wake ana uvimbe kwenye titi na amepewa barua ya kwenda hospitali ya rufaa. Familia imeona ujumbe kwenye simu, na sasa wanajiuliza kama waanze kwanza na vidonge vya minyoo, maana nauli ya kwenda mjini na kurudi inakula mbuzi.

Swali hili si la kipuuzi, ndugu msikilizaji. Wanasayansi wenyewe wamelifanyia kazi kwa miaka mingi, na baadhi ya majibu wanayo. Ila tumeona majibu hayo hayaeleweki vizuri bila kumjua mtu mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita, Mjerumani aitwaye Paul Ehrlich. Sehemu kubwa ya kazi yake ilihusu ugonjwa uliowahi kufyeka watu kwenye ziwa letu hili hili.

Ehrlich alizaliwa tarehe 14 Machi 1854 katika mji mdogo wa Strehlen, ambao wakati huo ulikuwa Ujerumani na leo uko Poland. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi, na baba yake alikuwa na nyumba ya wageni. Kijana hakuwa mwanafunzi wa kupigiwa mfano kwa kila somo. Alichopenda ni rangi. Miaka hiyo viwanda vya Ujerumani vilikuwa vimeanza kutengeneza rangi za nguo kutokana na lami ya makaa ya mawe, na binamu ya mama yake, daktari Karl Weigert, alikuwa akizitumia kupaka vipande vya nyama ya mwili ili vionekane vizuri kwenye hadubini. Ehrlich akanasa hapo. Alipokuwa anasomea udaktari alitumia muda mwingi na chupa za rangi, na hata kazi aliyoandika ya kupata shahada mwaka 1878 ilihusu rangi hizo.

Kitu alichokiona ni hiki. Ukimwaga rangi fulani juu ya kipande cha mwili, haipaki kila kitu sawasawa. Inachagua. Inashika aina moja ya chembe na kuiacha jirani yake nyeupe. Kwa njia hiyo alizitenganisha chembe nyeupe za damu katika aina mbalimbali, jambo ambalo maabara zetu zinalifanya hadi leo unapopimwa damu. Wengine wangeishia hapo. Yeye akajiuliza: kama rangi inaweza kumtambua mdudu mmoja kati ya chembe maelfu na kumng'ang'ania yeye tu, kwa nini tusiibebeshe sumu? Imfuate mdudu, imuue, na mwili wa mgonjwa usidhurike. Alilifananisha wazo hilo na risasi ya kichawi, inayojua yenyewe nani adui.

Mwaka 1882 Robert Koch alipotangaza mjini Berlin kuwa amemwona mdudu wa kifua kikuu, Ehrlich alikuwa ukumbini. Muda mfupi baadaye alikuwa na njia bora zaidi ya kumpaka rangi mdudu huyo. Inasimuliwa kwamba aliacha vioo vyake vikauke juu ya jiko lililopoa, mtu akaja akawasha moto bila kujua, na joto likaifanya rangi ishike vizuri kuliko mwanzo. Miaka michache baadaye alimkuta mdudu huyo huyo kwenye makohozi yake mwenyewe. Akaenda Misri na mke wake Hedwig kwa ajili ya hewa kavu, akarudi amepona.

Jaribio lake la kwanza la kutumia rangi kama dawa lilikuwa la malaria. Aliona kuwa rangi moja ya bluu, methilini, inashika vimelea vya malaria ndani ya damu. Mwaka 1891 yeye na mwenzake Paul Guttmann waliwapa wagonjwa wawili wa hospitali ya Moabit, Berlin, na wote wawili wakapata nafuu. Kwinini ilibaki kuwa dawa bora kuliko rangi hiyo, kwa hiyo jambo halikuvuma. Lakini kitu kilichotengenezwa na kiwanda kwa ajili ya kutia nguo rangi kilikuwa kimetumika kutibu vimelea ndani ya mtu. Tukizungumza leo kuhusu kuchukua dawa ya kazi moja na kuijaribu kwenye kazi nyingine, tunafuata nyayo za wagonjwa wale wawili.

Hatutakaa sana kwenye kazi yake ya dondakoo, ingawa iliokoa watoto wengi. Inatosha kusema kwamba aliwaonyesha madaktari namna ya kupima nguvu ya dawa ya kinga kabla ya kumchoma mtoto, ili chupa ya leo na chupa ya kesho ziwe sawa. Ndiyo kazi ya kinga iliyompa nusu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 1908. Tunaitaja kwa sababu inaonyesha tabia yake. Alikuwa mtu wa kupima.

Mwaka 1899 alihamia Frankfurt kuongoza taasisi ya utafiti. Waliofanya naye kazi waliacha masimulizi mengi. Alivuta sigara kubwa kali zipatazo 25 kwa siku, akitembea na boksi lake kwapani. Ofisi yake ilijaa vitabu na majarida hadi kwenye viti, mgeni akakosa pa kukaa. Kila siku aliwaandikia wasaidizi wake maagizo kwenye vikaratasi vya rangi, na karatasi ikikosekana aliandika popote, hata kwenye kitambaa cha meza.

Sasa tuje ziwani. Kuanzia karibu mwaka 1900 ugonjwa wa malale uliingia pwani za Ziwa Victoria upande wa Uganda na kwenye visiwa vya Sese na Buvuma. Ndani ya miaka michache inakadiriwa watu zaidi ya 200,000 walikufa. Mtu alianza na homa na kuvimba tezi za shingo, baadaye akachanganyikiwa, akalala mchana na kukesha usiku, mwisho asiamke. Ilibainika kuwa unaletwa na vimelea viitwavyo tripanosoma, vinavyosambazwa na mbung'o. Dawa haikuwepo.

Huko Frankfurt, Ehrlich alikuwa akiambukiza panya vimelea wa jamii hiyo hiyo na kuwajaribishia rangi moja baada ya nyingine, zaidi ya mia moja. Mwaka 1904 yeye na daktari Mjapani, Kiyoshi Shiga, wakapata rangi nyekundu iliyoponya panya waliokuwa wafe ndani ya siku chache. Furaha haikudumu. Kwa wanyama wengine rangi hiyo haikufanya kazi kama ilivyofanya kwa panya. Halafu likajitokeza jambo jingine lililomsumbua: vimelea vichache vilivyosalimika kwenye dawa vilizaa vizazi visivyoisikia dawa hiyo tena. Usugu wa dawa, ambao leo tunausikia kwenye malaria na kwenye saratani, aliuona pale kwenye damu ya panya.

Wakati huo madaktari wa Liverpool walikuwa wameonyesha kuwa kemikali moja yenye aseniki ndani yake, iliyouzwa kwa jina la Atoxyl, inaua tripanosoma. Aseniki ni sumu inayojulikana tangu zamani. Jina Atoxyl lenyewe lilibuniwa kumaanisha kitu kisicho na sumu, na tutaona jina hilo lilivyowasaliti watu. Mwaka 1906 Robert Koch, akiwa tayari mashuhuri duniani, alikuja Afrika Mashariki. Alipita Amani, akafika Mwanza, kisha akaweka kambi kisiwa cha Bugala katika Sese. Wagonjwa walimiminika, wengine wakibebwa, na akawachoma sindano za Atoxyl zaidi ya watu elfu moja. Mwanzoni matokeo yalitia moyo. Vimelea vilitoweka kwenye damu na watu waliokuwa hawainuki wakatembea. Kisha dalili zikaanza kurudi, na kipimo cha dawa kikaongezwa. Dawa ilipozidi, macho yakaanza kufifia. Watu zaidi ya 20 walipofuka moja kwa moja.

Vitabu vinamtaja Koch kwa jina, na waliopofuka vinawataja kwa idadi. Sisi tunaotangaza kutoka upande huu wa ziwa tunaona ni haki kusimama kidogo hapo. Wale hawakuwa panya wa maabara. Walikuwa wavuvi na wakulima waliokuja wakiwa wamekata tamaa, wakapewa kitu ambacho hakuna aliyekuwa amejua mpaka wake.

Ehrlich hakuwepo Sese. Lakini yeye na mkemia wake Alfred Bertheim waligundua kwamba wataalamu walikuwa wamekosea kuhusu umbo la Atoxyl, na kwamba kwa kuwa umbo halisi ni tofauti, inawezekana kulibadilisha: kuondoa kipande hapa, kubandika kingine pale, ili kupunguza sumu bila kupoteza nguvu. Walianza kutengeneza mamia ya kemikali za aseniki na kuzipa namba. Kila moja ilijaribiwa kwa maswali mawili. Kiasi gani kinaponya mnyama? Kiasi gani kinamuua? Kama namba hizo mbili zinakaribiana, dawa inatupwa, hata kama inaua vimelea vizuri namna gani. Kama ziko mbali, kazi inaendelea. Tunaomba msikilizaji aushike uwiano huo, maana tutaurudia.

Kemikali namba 606 ilitengenezwa mwaka 1907, ikajaribiwa, msaidizi mmoja akaandika kuwa haifai, ikawekwa kando. Mwaka 1909 akafika daktari mwingine Mjapani, Sahachiro Hata, aliyekuwa mahiri wa kuwapa sungura ugonjwa wa kaswende. Mdudu wa kaswende alikuwa amegunduliwa mwaka 1905, na baadhi ya wataalamu walidhani ni ndugu wa tripanosoma. Walikosea, hana undugu nao. Ehrlich akamwambia Hata arudie kemikali zote kwa sungura, hata zile zilizokataliwa. Namba 606 ikawaponya. Dawa iliyotafutwa kwa ajili ya malale ikawa dawa ya kaswende, ugonjwa uliokuwa ukiharibu mwili, akili na hata watoto tumboni, na ambao hadi hapo ulitibiwa kwa zebaki.

Ilitangazwa mwaka 1910 na kupewa jina Salvarsan. Kabla haijaanza kuuzwa, Ehrlich aligawa dozi takriban 65,000 bure kwa madaktari, na akawataka wamrudishie taarifa. Hilo tunalipenda kuliko ile tuzo. Alitaka kusikia waliopona, na alitaka kusikia walioumia pia. Na walioumia walikuwepo. Dawa ilikuja kwenye kichupa cha kioo kilichozibwa, ikiguswa na hewa inaharibika, na kuichanganya kulihitaji umakini. Daktari aliyefanya haraka alisababisha nyama kuoza pale alipopiga sindano, na wapo wagonjwa waliofariki. Ehrlich alirudi maabara, na mwaka 1912 akatoa namba 914, rahisi zaidi kutumia ingawa nguvu yake ilikuwa pungufu kidogo.

Maneno hayakukosekana. Gazeti moja la Frankfurt lilidai kuwa hospitali inawalazimisha makahaba kuchomwa dawa yake, na kesi ikafika mahakamani mwaka 1914. Mwandishi alifungwa kwa kashfa, lakini Ehrlich, aliyeitwa kama shahidi, alitoka amechoka. Vita vikuu vikaanza mwaka huo huo. Tarehe 20 Agosti 1915 moyo wake ulisimama, akiwa na miaka 61. Frankfurt ilikuwa na barabara yenye jina lake. Wanazi walipotawala, jina likaondolewa kwa sababu alikuwa Myahudi, na mjane wake akakimbilia Uswisi kisha Marekani. Baada ya vita jina likarudishwa.

Na saratani? Wengi hawajui kwamba katika miaka hiyo hiyo Ehrlich alikuwa na idara nzima ya saratani, yenye maelfu ya panya wenye uvimbe. Alihamisha uvimbe kutoka panya hadi panya, akajifunza jinsi unavyokua, na mwaka 1909 akaandika kwamba huenda mwili wenyewe huzima saratani nyingi kabla hatujaziona. Wazo hilo la kinga ya mwili leo lina dawa zake. Lakini kwa upande wa kemikali, mtu aliyelipa tibakemikali jina lake hakupata hata moja ya kuponya saratani.

Sababu yake inaeleweka. Tripanosoma ni mgeni ndani ya mwili. Ana umbo lake na chakula chake, kwa hiyo unaweza kutafuta mahali anapotofautiana na wewe, umpige hapo. Saratani ni chembe zako mwenyewe zilizokataa kutii. Kikulacho ki nguoni mwako. Risasi inayoilenga saratani inapita karibu sana na chembe nzima, na ndiyo maana mgonjwa wa tibakemikali hunyonyoka nywele na kutapika.

Hata hivyo njia aliyoianza haikufungwa. Mwaka 1916 kiwanda cha Bayer, kikiendeleza ukoo wa zile rangi zake za tripanosoma, kilitengeneza dawa ambayo leo inaitwa suramini. Ililetwa Afrika miaka ya 1920 kwa ajili ya malale, na bado hutumika kutibu hatua za mwanzo za malale ya upande huu wa mashariki. Miaka ya 1980 na 1990 watafiti wa Marekani waliijaribu kwa wagonjwa wa saratani, hasa ya tezi dume. Wapo waliopata nafuu. Lakini kiasi kilichohitajika kilikuwa karibu mno na kiasi kinachoharibu mishipa ya fahamu, na haikupata kibali cha kutibu saratani. Ule uwiano wa Ehrlich uliikataa.

Levamisoli, dawa ya minyoo ya watu na mifugo, ilifika mbali zaidi. Mwaka 1990 Marekani iliiruhusu itumike pamoja na dawa nyingine ya saratani kwa waliofanyiwa upasuaji wa utumbo mpana. Miaka michache baadaye tafiti zikaonyesha mchanganyiko mwingine ni bora, na levamisoli ilikuwa na tabia ya kumaliza chembe nyeupe za damu, zile zile alizozipaka rangi Ehrlich. Ikaondolewa.

Mebendazoli inayouzwa kwenye duka la dawa muhimu kijijini inavuruga nyuzi ndogo ndani ya chembe za mnyoo, na chembe ya saratani huzihitaji nyuzi kama hizo inapogawanyika. Ndiyo maana watafiti wanaifuatilia, na si wehu. Tatizo ni kwamba vidonge hivyo ni salama kwa mtoto kwa sababu sehemu kubwa inabaki tumboni, minyoo iliko, na kidogo sana huingia kwenye damu. Uvimbe wa titi hauko tumboni. Ivermektini inayogawiwa kwa ajili ya usubi nayo huua chembe za saratani kwenye vioo vya maabara, lakini kwa kiasi kikubwa kuliko kile kinachofika kwenye damu ya mtu anayemeza dozi ya kawaida. Hadi tunaandika, hakuna dawa ya minyoo iliyothibitishwa kwa wagonjwa kuwa inaponya saratani. Ile ya mbuzi haikutengenezwa kwa ajili ya binadamu, na madaktari wameripoti watu walioumia ini baada ya kuimeza.

Kwa hiyo yule mama tulimjibu hivi. Barua ya rufaa ina tarehe, na uvimbe hausubiri. Saratani ya titi ikiwahiwa ina matibabu yanayojulikana, na hospitali kama Bugando na Ocean Road zinayatoa. Kama mdogo wake ameshameza vidonge vyovyote, vya watu, vya mifugo au vya mitishamba, amwambie daktari bila kuona aibu, kwa sababu vinaweza kugongana na dawa atakazopewa.

Alisikiliza, akashukuru, halafu akarudi pale pale: na nauli je? Hatukuwa na jibu. Tumemwalika afisa ustawi wa jamii kwenye kipindi cha Alhamisi, saa tatu asubuhi, aeleze utaratibu wa msamaha wa gharama na nani wa kuonana naye kijijini kabla ya kusafiri. Mwenye swali la namna hiyo atutumie ujumbe mapema ili tumsomee hewani.